Alama Thelathini na Nne

Jumapili, 2 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti linakuacha ulale. Macho je? Ule ukungu umepungua, au bado unaona watu kama nguo zilizoanikwa? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, anasema tangu ahamishiwe kazi huku mgongo wake umezeeka kuliko wako. Msalimie Mama Mdogo. Msalimie na binti yake, Gololi, ambaye najua ndiye anayekusomea haya. Gololi, nakuomba usome yote, neno kwa neno, hata yale usiyoyapenda.

Babu, Ijumaa mwalimu wetu wa historia alitupeleka kwenye makumbusho ya baiskeli. Sikujua kama duniani kuna kitu kama hicho. Ni ghala la zamani lililopakwa chokaa, nyuma ya kiwanda cha sabuni, dakika ishirini kwa miguu kutoka shuleni. Ndani kuna baiskeli za kale na za ajabu zaidi ya mia moja, nyingine zimesimama, nyingine zinaning'inia darini kama popo. Nilitembea nikikukumbuka mbele ya kila moja. Kuna ya mbao tupu isiyo na kanyagio, mtu alikuwa anasukuma ardhi kwa miguu. Najua ungeuliza breki iko wapi. Haina. Kuna yenye gurudumu la mbele linalonizidi kimo, na mwenye kuiendesha akianguka anaanguka kutoka ghorofani. Kuna ya askari inayokunjwa ikabebwa mgongoni. Kuna ya mnoa visu: ukiisimamisha na kukanyaga, inazungusha jiwe badala ya gurudumu. Hiyo niliizunguka mara mbili kwa ajili yako, nikatazama alivyofunga mnyororo. Ameufunga vibaya.

Kisha tukaingia chumba cha mwisho, kilichoandikwa "Kazi za mafundi wa mitaani". Na katikati ya chumba, ndani ya kamba nyekundu, ikiwa imesuguliwa mpaka inang'aa, niliiona Kinyumenyume.

Niliijua kabla ya kuisogelea. Kiti changu juu ya gurudumu la mbele, kimegeuzwa nyuma kukutazama wewe. Kile kibao cha kuegeshea kitabu, ulichokikata kwenye mlango wa kabati Bibi akakununia wiki nzima. Kengele iliyopasuka. Babu, unanijua, mimi darasani nikiulizwa jina langu natazama viatu. Lakini siku hiyo nilisema kwa sauti, mbele ya watu thelathini, "Hii ni yetu."

Tuna mvulana darasani tunamwita Spika. Akasogea akatazama ukutani, akasema, "Yenu? Mbona kwenye picha si wewe?"

Nikatazama. Kuna picha kubwa, imewekewa kioo. Gololi amekaa kwenye kiti changu, ameshika kitu cha kusoma, anacheka. Chini yake wameandika: "Baiskeli ya msomaji. Iliundwa na fundi ambaye hakujifunza kusoma, ili mjukuu wake amsomee wakiwa njiani kwenda karakanani. Alama za tupa kwenye bomba la kiti zilitumika kupimia urefu wa kiti kadiri mtoto alivyokua."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu aliniambia, kwa upole, kwamba si vizuri kujipa vitu vya watu.

Na hizo alama, Babu, si za urefu wa kiti. Wewe na mimi ndio tunaojua. Kila nilipokumalizia kitabu, ulitoa tupa ukapitisha mara tatu, kwaru, kwaru, kwaru, ukapuliza vumbi, ukasema, "Haya, kingine." Siku tunahama nilizihesabu kwa kidole wakati Baba anafunga mizigo. Zilikuwa thelathini na moja. Ijumaa nilizihesabu tena. Ni thelathini na nne. Nilihesabu mara tatu, mpaka mlinzi akaniambia nirudi nyuma ya kamba.

Ni vitabu gani hivyo vitatu? Nani alivisoma? Uliniambia Kinyumenyume itanisubiri. Mbona imetolewa na mimi sikuambiwa hata neno?

Naomba unijibu. Usinywe chai yenye moto sana, Mama anasema inazidisha kikohozi.

Mjukuu wako,
Mtangazaji


Jumapili, 16 Februari

Mtangazaji wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo lililokosa adabu. Macho yako palepale. Mama Mdogo wako hajambo, anashona mashuka ya zahanati. Huyu mwandishi wangu naye hajambo, isipokuwa anaandika polepole kama anachonga kinyago, mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Nimefurahi kwamba umeiona. Niliitoa kwa sababu mwaka jana niliingia nayo kwenye kibao cha kinyozi. Nilidhani ni njia. Kinyozi akasema, "Mzee, leo umekuja kunyolewa na baiskeli yako pia?" Nikaona basi, tumefika. Wale watu wa makumbusho walikuja na gari, wakaifunika blanketi vizuri kuliko wanavyofunikwa wagonjwa.

Picha ni ya Gololi kwa sababu walitaka mtu mdogo akae waone inavyotumika, na yeye ndiye aliyekuwepo.

Hiyo ya mnoa visu nieleze tena. Amefunga mnyororo upande gani?

Mengine Babu hakuyasema.

Babu yako,
kwa mkono wa Gololi


Jumamosi, 1 Machi

Kwa Gololi,

Hujambo? Mama Mdogo hajambo? Sisi wazima. Nimeandika salamu kwa sababu Mama amekaa hapa pembeni, na ameniuliza kama nimekusalimu.

Barua hii si ya Babu. Ni yako, ndiyo maana jina lako liko juu ya bahasha. Usimsomee.

Nilirudi makumbusho peke yangu Jumamosi iliyopita. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Msimamizi ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu. Nilimwambia mimi ni nani. Akanitazama, akasema, "Kumbe ndiye wewe. Tumekungoja tangu Desemba. Babu yako alisema ana mjukuu hapa mjini, msomaji, na kwamba ameshakuandikia uje."

Ameshaniandikia. Nilikwenda nyumbani nikatoa barua ya Novemba. Ina mvua, ina goti, ina kuku aliyetagia ndani ya kofia ya Babu, ina salamu. Kinyumenyume haimo. Kwa hiyo Babu alisema, na mkono fulani haukuandika. Na katika jibu lako la juzi hakuna neno hata moja kuhusu alama, wala kuhusu swali langu la kwa nini sikuambiwa. Babu ninayemjua mimi ukimuuliza kuhusu tupa atakujibu mpaka ulale. Hakujibu kwa sababu hakuulizwa. Ulisoma ulichotaka.

Nilizitazama tena zile alama tatu. Msimamizi aliniruhusu kupita kamba. Za kwangu zimekaa sawasawa kama meno ya kitana. Hizo tatu zimepinda, moja imekwenda mbali mpaka imechubua rangi. Nilielewa. Ni Babu amezikata akipapasa, na macho yake hayo, ili tu akukatie na wewe. Nilikaa kwenye ngazi za makumbusho nikalia, na mlinzi akaniletea maji kwenye kifuniko cha chupa.

Wewe una mchana mzima wa Babu. Una karakana, una harufu ya grisi, una kikombe chake cha bati cha kuosha. Ukimwita anaitika hapo hapo. Mimi nikimwita, anaitika baada ya wiki mbili, na sauti yake inapita kwako kwanza, unachuja unachotaka. Mimi nilikuwa na kiti kimoja tu, na alama thelathini na moja. Hata hivyo vichache ulivitaka.

Sina lingine.

Dada yako


Jumapili, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Babu hajambo, Mama hajambo. Nimechelewa kukuandikia wiki saba. Nilianza barua hii mara nyingi, nikazitumia karatasi kuwashia jiko.

Kila jioni Babu anauliza, "Mtangazaji kaandika?" Nasema bado. Anauliza, "Amechukia nini?" Nasema sijui. Sasa najua kusema sijui kwa namna tano.

Ni kweli niliruka. Nitakuandikia sasa maneno niliyoyaruka Novemba. Nayajua kwa moyo, kwa sababu ukitaka kusahau kitu ndipo kinakaa. Babu alisema hivi:

"Mwambie Mtangazaji, Kinyumenyume nimewapa watu wa makumbusho ya huko kwake. Walikuja pia watu wa makumbusho mengine, ya karibu na hapa, nikawakataa. Nimetaka iwe mjini kwake, kwa kuwa mimi siwezi kwenda kukaa huko. Aende akaitazame. Na asiulize nani anakikalia kiti chake. Hakuna. Tangu aondoke, humu ndani hakuna anayenisomea."

Hapo ndipo kalamu yangu ilisimama.

Dada, mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Wakati anasema hakuna anayenisomea, nilikuwa na gazeti mapajani nililokuwa namsomea, lile la kufungia sabuni. Kila siku nikitoka shule nilikuwa namsomea. Nasoma polepole, najua. Nikifika katikati ya sentensi yeye anakuwa amekwisha kusinzia. Lakini nilisoma. Na vitabu vya kusoma vilikuwa wapi? Wewe ulivichukua vyote. Ulipohama rafu ilibaki na alama za vumbi za mahali vilipokaa, mstatili mstatili. Kilichobaki ni katalogi ya vipuri. Nimemsomea Babu katalogi ya vipuri kuanzia breki mpaka vali. Kwenye picha ile unayoichukia, nilichoshika ndiyo hiyo katalogi.

Na kila barua yako nikiimaliza anasema, "Soma tena." Barua zako anataka tena, gazeti langu analalia. Kisha ananiambia andika, na mimi naandika, kwa mkono wangu, kwamba anakukumbuka wewe. Miaka miwili naandika hivyo.

Sasa alama. Babu hakuzikata. Nimezikata mimi. Ilikuwa Novemba hiyo hiyo, siku moja kabla gari la makumbusho halijaja. Babu alikwenda zahanati. Nilichukua tupa nikakata moja, nikaona haitoshi, nikakata nyingine mbili. Nilitaka huko inakokwenda ijulikane kwamba hata mimi nipo. Nilidhani ni rahisi. Tupa inateleza. Ile iliyochubua rangi ndiyo ya mwisho, nilisikia mlango.

Babu hajui. Nilipomsomea barua yako, nilisoma thelathini na moja, nikarukia chai yenye moto.

Ninakuandikia leo kwa sababu nimeishiwa njia. Babu amesema anataka kuja. Mama amekwisha kupata nafasi kwenye basi, tutafika Jumamosi tarehe 10 Mei, mimi na Babu, tulale kwenu siku moja. Anataka aishike Kinyumenyume. Si kuiona, kuishika. Anasema vidole vyake havina ukungu. Ataipapasa kuanzia usukani mpaka keria, na atafika kwenye bomba, na atahesabu. Unajua atahesabu.

Tafadhali mwambie yule mama mwenye uzi wa viatu amkataze kugusa. Aseme ni sheria. Ukinisaidia hili sitaruka tena neno lako lolote.

Jambo moja tu ninalolifurahia katika safari yenyewe ni picha. Sijawahi kuiona. Walipiga wakaondoka nayo. Nimewaambia wenzangu wote darasani kwamba picha yangu iko makumbusho ndani ya kioo, na hakuna aliyeamini, kwa hiyo nitaitazama vizuri niwaeleze nimevaa nini.

Mdogo wako,
Gololi


Jumapili, 27 Aprili

Mdogo wangu Gololi,

Marahaba. Sisi wazima, Mama ameanza kufua mapazia kwa ajili ya ugeni wenu. Baba ameambiwa atalala sebuleni na amekubali bila maneno. Natumaini Babu hajambo, na wewe pia. Safari hii nakusalimu bila kuangaliwa na mtu.

Barua yako nimeisoma nikiwa chooni, mahali pekee nyumbani kwetu penye komeo. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilipofika kwenye zile alama za vumbi za rafu nikashindwa.

Nilivichukua vyote, ni kweli. Hata vile nilivyokuwa nimevisoma mara tatu. Nilijiambia ni vyangu. Sikuwaza Babu atasikiliza nini. Au niliwaza, sijui. Labda nilitaka asisikilize kitu mpaka nirudi.

Sasa la kwangu, na uniwie radhi. Picha yako haipo ukutani.

Siku ile niliporudi makumbusho, nilimwambia msimamizi kwamba aliye pichani siye msomaji, wameweka mtu wa kukaimu. Nililisema hilo neno, kukaimu. Akasema wao hawapendi kuandika uongo, akaitoa. Akaniuliza kama nina picha yangu. Nilikuwa nayo mfukoni, Gololi. Nilikwenda nayo kwa kupanga. Ni ile ndogo ya kitambulisho cha shule. Wakaiweka ndani ya kioo kile kikubwa, na ilikaa pale katikati kama stempu. Nina miaka kumi na tano, nimevaa tai, nimekodoa macho, na mtu yeyote akitazama kile kiti anaona kwamba sitoshi kukikalia. Nilipokuandikia barua ya Machi, nikikwambia wewe unachuja, picha yako ilikuwa ndani ya daftari langu la jiografia. Nimekaa nayo wiki tisa. Kila nikiitazama naona jinsi unavyocheka, na ninaijua hiyo sura, ni ya mtu ambaye Babu amemtania sasa hivi. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko kiti.

Jana nilikwenda kuirudisha. Msimamizi alivua miwani, akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulisema uongo, au leo?" Nikamwambia siku zote mbili nilisema ukweli kidogo. Amesema atairudisha kabla ya tarehe 10, lakini niache kumpandisha ngazi. Gauni lako ni la mistari, na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Waambie wenzako.

Kuhusu Babu asiguse, hilo siwezi. Vidole vyake ndivyo vilivyoitengeneza ile baiskeli, nani amwambie kuna sheria?

Lakini nimefikiri hivi. Alama ni ya kitabu kilichomalizwa. Basi malizeni vitatu. Basi la kesho asubuhi nitampa kondakta kifurushi chenye jina lako: kile cha mfalme aliyepoteza kiatu, kile cha mapacha wa kituo cha reli, na kile cha daktari wa melini. Ndivyo vitatu vya kwanza nilivyomsomea. Vyote vyembamba. Zimebaki siku kumi na tatu. Soma kwa sauti, usimame penye nukta, na akianza kusinzia mwulize swali. Ukivimaliza kabla ya kuja, zile alama zitakuwa za kweli, na mimi nitanyamaza kuhusu zilivyopatikana.

Usidhani nimefunga kifurushi hiki kwa moyo mweupe. Nilikifunga, nikakifungua, nikatoa kile cha mapacha, nikakirudisha. Katika ukurasa wa mwisho kuna duara la kikombe cha Babu. Usilifute.

Dada yako


Jumapili, 18 Mei

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama, na goti la Babu lilifika salama likiwa juu ya kiti cha mtu mwingine. Hatujambo wote. Mama anashukuru kwa pazia, limetosha dirisha la jikoni. Mwambie Baba Mkubwa pole kwa shingo yake.

Nakuandikia mambo mawili uliyoyaona na moja ambalo hukuliona.

Uliona jinsi Babu alivyoingia ndani ya kamba akaiamkia Kinyumenyume kama mtu mzima mwenzake. Na uliona kidole. Alihesabu kimyakimya, akapita thelathini na moja, akapita ya thelathini na mbili, ya thelathini na tatu, akafika ile iliyochubua rangi akasimama. Tulikuwa tumemaliza viwili tu, Dada. Cha daktari tulifika ukurasa wa arobaini, kuna majina ya dawa magumu. Nilikutazama wewe na wewe ukatazama viatu. Akasema, "Hii bado," akaendelea kupapasa kibao cha kitabu. Basi. Wewe ulidhani yamekwisha pale.

Ndani ya basi ndipo nilipomuuliza alijua lini. Akasema, "Siku ile ile. Nilirudi kutoka zahanati nikakuta tupa imelazwa upande wa nyundo." Nikamuuliza mbona hakunipiga wala hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama utazisomea vitabu." Kisha akasema aliyeniumiza ni yeye, kwa sababu alisema hakuna anayemsomea na mimi nimekaa pale. Hakusema samahani. Alininunulia mahindi ya kuchoma kituo cha pili, makubwa kuliko yake.

Cha daktari tulikimaliza Alhamisi. Kwa kuwa bomba liko huko kwenu, Babu amekata alama kwenye mguu wa stuli ninayokalia. Kwaru mara tatu. Ni moja tu. Zile mbili nyingine amesema ziko huko, hazikatwi mara mbili.

Sasa anasema andika, na mimi naandika kama anavyosema:

"Mtangazaji wangu. Duniani hakuna anayesoma kama wewe. Ukisoma, hata mimi nisiyejua herufi naziona zimepangwa. Gololi anasoma kama mtu anayekokota baiskeli yenye pancha. Lakini tunafika."

Nimeiandika yote, unaona. Ya kwanza iliniuma mpaka nikaenda kunywa maji. Sikuiruka.

Mdogo wako,
Gololi


Jumapili, 25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mwambie Babu mnyororo wa mnoa visu umefungwa upande wa kushoto, na msimamizi amekubali kwamba ni makosa, ila amesema makosa ya miaka mingi ni historia. Kibao chetu cha maelezo kimebadilishwa. Sasa kinaeleza kwamba kila alama ni kitabu. Picha yako iko palepale, na ile ya kwangu ya stempu wameibana pembeni ndani ya kioo hicho hicho, mimi sikuomba. Spika alikwenda kuiona wiki hii, akaniita Mheshimiwa.

Kwa kuwa wewe uliandika lililokuuma, na mimi niandike. Maneno ya Babu kuhusu mimi niliyasoma mara moja. Lile la "tunafika" nimelisoma mara nyingi mno, na bado linanichoma. Nililionea wivu kuliko picha, kuliko alama. Zamani lilikuwa langu. Sisemi nakuachia, kwa sababu si langu tena la kuachia, lakini nimetaka ujue.

Kesho kondakta atakuletea kitabu cha nne. Ni kinene. Nilikipata shuleni kwa insha, kimefungwa karatasi ya nailoni na sijaifungua. Kwa mara ya kwanza nakupeni kitabu ambacho hata mimi sijakisoma, na imenichukua siku tatu kukiacha hivyo hivyo.

Someni polepole. Mkifika mwisho, niandikieni kilitokea nini.

Dada yako